Tata Bado Anasimama Mlangoni

Mpendwa ndugu yangu Momanyi,

Leo asubuhi Tata amekuulizia tena. Nitakueleza nilivyomjibu, lakini si sasa hivi, kwa sababu nikianzia hapo sitafika kokote, na wewe hukuwa mtu wa kupenda hadithi inayoanza kwa kilio. Acha nianzie kota, kwenye zile nyumba za serikali.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha tuliyoizungumza mimi na wewe nje ya nyumba. Kule nyumbani Marani kulikuwa Ekegusii tupu, na ndani kwa Mama vilevile, ila ukitoka kwa mlango wa nyuma wa nyumba namba saba ulikuta watoto wa Wakamba, wa Wajaluo na wa Waluhya, ambao wazazi wao walikuwa wameletwa Nyamira na kazi ya serikali kama alivyoletwa Tata, baba yetu. Kiswahili chetu kilikuwa kibovu ajabu. Hakuna aliyejali, kwa sababu sote tulielewana na sote tulitukanana vizuri.

Nyumba zilikuwa kumi na mbili, safu mbili zikitazamana, kijani chini na nyeupe juu, na ua wa kayaba uliotutenga na majani chai ya watu. Mfereji ulikuwa mmoja. Kila nyumba ilikuwa na vyumba viwili vya kulala na sebule, kisha nyuma, hatua sita kutoka mlangoni, jiko la kupikia lililojengwa peke yake, chumba kidogo cha matofali chenye dirisha moja na kibaraza cha saruji mbele. Hatua sita nilizipima mwenyewe. Miaka hii yote sijaacha kuzipima.

Unakumbuka mvua ya mawe? Ilikuwa ikianza saa nane mchana, mabati yakipiga kelele mpaka Mama anaacha kuzungumza katikati ya neno, na sisi tunatoka mbio na sufuria kichwani. Wengine tulikula yale mawe. Wewe ulichagua moja kubwa kuliko yote, ukalitia ndani ya kiberiti, ukakaa nalo mlangoni kumngoja Tata atoke ofisini, kwa sababu ulitaka alione. Alipofika kiberiti kilikuwa kinachuruzika. Tata aliweka mwavuli chini, akakifungua, akayachungulia yale maji kwa makini kabisa, akasema, "Naam. Ni kubwa sana." Ulilala ukiwa na furaha siku hiyo. Mimi nilikucheka, nami ningelipa chochote leo ili niwe sikukucheka.

Na mpira wetu, je? Sisi Waadventista hatukucheza Jumamosi, na Wakatoliki walikuwa kanisani Jumapili asubuhi, kwa hiyo timu ya kota ilitimia Jumapili alasiri pekee. Ndiyo maana tulishindwa na kila mtu. Wewe uliwahi kumuuliza Mama kama Mungu angekasirika ukidaka tu, maana golikipa kwa kawaida husimama na hafanyi kazi. Mama aligeuka akatazama ukutani ili usimwone akicheka.

Mvua ikinyesha sana tuliteleza na magamba ya mgomba kule nyuma ya nyumba namba kumi na mbili, kutoka juu hadi kwenye ua. Kaptura zetu zilipasuka makalioni, Mama akashona, zikapasuka tena. Ulikuwa ukishuka umefumba macho huku ukipiga kelele, kisha ukifika chini unasema hukuogopa. Nilikuwa nakwambia umeogopa. Tulipigana juu ya hilo mara nyingi sana, na jioni tukalala kitanda kimoja miguu yako ikiwa kwenye mbavu zangu.

Halafu ikaja Desemba ile tuliyotahiriwa pamoja, mimi nikiwa na miaka kumi na miwili na wewe kumi. Ulilazimisha. Ulisema huwezi kubaki mtoto peke yako katika nyumba namba saba. Tulikaa Marani kwa nyanya mpaka tukapona, tukarudi kota mwezi wa kwanza tukitembea kama machifu.

Ukweli ni kwamba kota haikujengwa kwa ajili ya watu wetu. Nyumbani, kijana akishatahiriwa analala katika esaiga, kibanda chake mwenyewe uani, na baba yake hakanyagi humo. Ndiyo chinsoni, ile heshima yenye haya ndani yake, kwamba baba haoni kitanda cha mwanawe, hamwoni akiwa uchi, haingii anapolala. Wagusii wengine pale kota walilegeza mambo. Watoto wao walilala sebuleni na maisha yakaendelea. Tata hakuweza. Aliogopa sana kwamba watu wa Marani wangesema wanawe wamelelewa mjini bila adabu. Kwa hiyo alimwomba Mama atoe meko yake jikoni, apikie kwenye kibaraza cha mlango wa nyuma, akatuwekea vitanda viwili mle ndani, akapaka mlango rangi, kisha akasimama nje akatutangazia, "Hii sasa ni esaiga yenu. Mimi sitaingia."

Na kweli hakuingia. Alikuwa karibu hivi kwamba alisikia tukikoroma, lakini hakuingia. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alisimama kwenye kile kibaraza cha saruji, uso akiuelekeza kwenye kayaba, akasema, "Bwakire. Mmeamkaje?" Tukijibu anaenda. Ripoti za shule tulimpitishia dirishani, akazisomea nje, akatugombeza kupitia dirisha hilohilo. Watoto wa majirani waliona ni kichekesho. Sisi tulijiona wakubwa.

Siku ya nyoka sijaisahau. Aliingia kupitia chini ya mlango, nasi tukapanda juu ya vitanda tukipiga mayowe. Tata alifika na panga, akasimama kibarazani, akaanza kuamuru.

"Yuko wapi?"

"Chini ya kitanda!"

"Kitanda cha nani?"

"Cha Momanyi!"

"Mpigeni kichwa!"

"Na nini, Tata?"

Ndipo akaja Mama Mueni wa nyumba namba nane, yule nesi Mkamba aliyeongea kwa sauti kubwa kuliko redio yake. Alimtazama Tata, akalitazama panga. "Sasa wewe Mzee, hiyo panga umeshika ya nini? Watoto wakufe na wewe umesimama tu hapo nje?" Akampokonya, akaingia, akamkata nyoka vipande viwili, akatoka naye amemning'iniza. Tata alimshukuru kwa heshima zote. Jioni kota nzima iliiga, "Kitanda cha nani?" Wewe uliiga vizuri kuliko wote, na Tata alikusikia, akajifanya hakusikia.

Mama Mueni hakuwa na chinsoni na mtu yeyote. Aliingia kila mlango. Mtoto akikohoa mara mbili, yuko ndani, ameshika paji la uso. Tulimwona msumbufu. Mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata alipata uhamisho. Lori lilikuja, vyombo vikapakiwa, akatukumbatia wote akilia waziwazi, akaenda zake. Nyumba namba nane ikakaa bila mtu.

Mwezi wa nne ukaingia, shule zimefungwa, mvua haikati. Jumanne Mama alienda Marani kwa sababu nyanya alikuwa ameanguka akaumia nyonga. Jumatano jioni ulianza kutetemeka. Nilimwambia Tata una homa kidogo, akaleta vidonge, akavipitisha dirishani pamoja na kikombe cha maji. Ulivimeza ukavitapika, nami nikafunika matapishi kwa jivu. Hilo sikumwambia.

Alhamisi asubuhi ulikuwa umechafua kila kitu, shuka, blanketi, nguo zako. Nilikuvua zote nikazirundika kona, nikakufunika na koti langu la shule. Ulikuwa wa moto kiasi kwamba mkono ulinishtuka. Tukasikia viatu vya Tata. Ukanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu ambazo sijui ulizitoa wapi, ukaniambia, "Usimwambie. Ataingia."

Nilikuelewa kabisa. Ndilo jambo ambalo nimeshindwa kumweleza mke wangu, ambaye ni mtu wa mjini na ananiambia mlikuwa watoto tu. Nilielewa kwamba kwako kufa hakukuwa hata wazo, lakini Tata kukuona uchi katika uchafu wako, wewe mwanamume wa miaka kumi na mmoja, lilikuwa jambo lisiloweza kusahihishwa. Na nilijua pia kwamba angeingia. Watu husema Tata aliijali mila kuliko wanawe. Wanakosea. Angeingia siku ile, kama ningesema neno moja, na wewe ulijua, ndiyo maana ulinishika.

Nilifungua mlango kidogo, nikasimama katikati yake.

"Bwakire. Mmeamkaje?"

"Tumeamka vyema, Tata."

"Momanyi ameamka?"

"Amelala, Tata. Yuko sawa."

Alikuwa anatazama kayaba, mwavuli mkononi. "Sauti yake sijaisikia."

"Amekunywa uji akalala tena."

Hakukuwa na uji. Moto wenyewe sikuwa nimewasha.

"Basi mwache alale," akasema, akaenda ofisini.

Mchana uliacha kunijua. Uliniita Mama. Uliniuliza kama mawe yameyeyuka. Hapo nilikimbia. Nilipita kota nzima bila viatu mpaka ofisi za wilaya, nikamkuta Tata mezani kwake, na kabla sijamaliza kusema alikuwa amenipita mlangoni. Mzee yule mnene, sikuwahi kumwona akikimbia kabla ya siku hiyo wala baada yake.

Nilipofika alikuwa amesimama kibarazani, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango, mguu mmoja umeinuka. Akanisikia. Bila kugeuka akaniuliza, "Amevaa?"

"Hapana, Tata."

Mguu ukashuka. Akageuza uso kuelekea kayaba. "Mvishe."

Nikakuvisha. Nilitafuta shati safi nikapata lile la shule. Mikono yako haikunisaidia kitu. Nilikosea vifungo nikavifungua nikaanza upya, ndugu yangu, nilivifungua nikaanza upya, kana kwamba tunaenda kanisani. Tata nje hakunihimiza. Nilimsikia akihema. Kisha nikakuburuta mpaka mlangoni, naye akachutama na mgongo wake kwetu, nikakuweka mgongoni pake. Gari la ofisi lilikuwa limefika barabarani. Hospitalini daktari alikushika shingo, akatuambia tumechelewa.

Tulikuzika Marani, chini ya shamba la chai la nyanya. Watu walikuwa wengi. Tata alipopewa nafasi ya kuzungumza alisema, "Ugonjwa huu ulimshika ghafla. Asubuhi mtoto alikuwa sawa. Kaka yake ni shahidi." Akanigeukia, na umati wote ukanigeukia. Nikaitikia kwa kichwa.

Siku hiyohiyo tuliporudi kota Mama aliviondoa vitanda na kurudisha meko yake jikoni bila kumwomba mtu ruhusa, na Tata hakumwuliza. Mimi nilipelekwa shule ya bweni. Mama hakuwahi kunihoji. Wakati mwingine, likizoni, aliacha kumenya viazi akanitazama kwa muda mrefu, nami nikatoka kwenda mferejini kuchota maji ambayo hakuna aliyeyahitaji. Alifariki miaka mingi baadaye bila kujua. Nilimshika mkono hadi mwisho na bado sikusema. Mimi ni mwoga, Momanyi. Wewe ulifumba macho ukashuka. Mimi ndiye niliyeogopa siku zote.

Mwaka jana nilipita kota. Nyumba zipo, zimepakwa rangi nyingine, zina watu wasionijua, na watoto wao wanasema Kiswahili kibovu kama chetu. Kayaba imekatwa. Jiko letu limebomolewa ili watu wapate pa kuegesha magari. Kibaraza cha saruji ndicho kilichobaki, kiko peke yake kwenye nyasi. Nilisimama juu yake kidogo. Mwanamke mmoja akatoka akaniuliza namtafuta nani, nikamwambia nimepotea.

Sasa hivi naishi Marani. Nilijenga kando ya boma, na Tata anakaa katika nyumba yake ya zamani, hatua kama themanini kutoka kwangu. Amezeeka sana. Akili yake imeondoka kidogokidogo, kwanza majina ya wajukuu, kisha jina la Mama, sasa hata langu. Ananiita "kijana". Lakini chinsoni hakuisahau. Kila asubuhi anakuja na fimbo yake, anasimama kwenye veranda yangu, anaelekeza uso kwenye majani chai. Nimemwambia mara ngapi, "Ingia, Tata, kuna kiti, kuna chai." Ananitazama kama aliyetukanwa. "Nani huingia nyumba ya mwanawe?" Kisha anauliza anachokuja kuuliza.

"Momanyi ameamka?"

Mara ya kwanza nilidhani sikusikia vizuri. Kesho yake akauliza tena, na siku iliyofuata. Kwa wiki kadhaa nilibadilisha mazungumzo, nikamsifia ng'ombe, nikamwuliza kuhusu mvua. Kisha wiki iliyopita nilijiambia kwamba ni Mungu amenipa nafasi. Nitamwambia kabla hajaondoka. Nitamwambia yote, na yeye aseme lolote analotaka, anilaani ikibidi, lakini nisife nayo. Sikulala vizuri. Asubuhi alipouliza nilitoka nje, nikasimama mbele yake, nikasema, "Tata, Momanyi alikufa."

Fimbo ilimtoka mkononi. Alinitazama kwa macho ya mtu anayesikia jambo hilo kwa mara ya kwanza.

"Lini?"

Niliinama kuiokota fimbo.

"Lini, kijana? Si asubuhi umeniambia yuko sawa?"

Momanyi, nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nilikuwa nimeyaandika hata kwenye karatasi. Hakuna lililotoka. Alikaa chini pale kwenye veranda, mzee mzima, akakulilia kwa sauti mpaka majirani wakaja kuuliza kuna msiba gani. Alilia mpaka saa sita. Alikataa chakula. Mke wangu aliniambia nisithubutu tena, na hakuhitaji kuniambia.

Kesho yake alikuja, uso mkavu, fimbo mkononi. Alikuwa amesahau. "Bwakire," akasema. "Momanyi ameamka?"

Kwa hiyo sasa unajua kwamba sitawahi kumwambia. Nikisema ninachopaswa kusema, atakuzika upya kila asubuhi. Na hata akinisamehe leo, kesho atakuwa hana habari, na mimi nitabaki na msamaha ambao aliyeutoa hajui aliutoa. Nimetafuta mlango wa kutokea katika jambo hili, sijauona. Ulinishika mkono mara moja tu, kwa dakika moja, na mpaka leo hujaniachilia. Sikulaumu. Nasema tu kwamba nimechoka, na kwamba wewe ungekuwepo tungekuwa wawili wa kusimama hapo mlangoni.

Lala salama huko chini ya chai ya nyanya. Huna haja ya kuogopa, haingii, wala hajakuona. Leo asubuhi alisimama kwa muda mrefu kuliko kawaida, akatega sikio, akasema sauti yako hajaisikia.

Nikamwambia, "Amelala, Tata. Yuko sawa."

"Basi mwache alale," akasema, akarudi nyumbani kwake taratibu.

Ni mimi kaka yako,
wa kitanda cha karibu na mlango.